Umechoka Wapi?

Kila muhula, pindi mitihani inapokaribia, hakosi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakayebisha mlango wangu jioni, raba mkononi, aniulize swali lile lile: "Dada, leo nimechoka. Nije mazoezini au nisije?" Mimi si mwalimu wa michezo wala si daktari. Ni mwanafunzi wa uzamili katika Idara ya Kiswahili, na kazi yangu kubwa kwa sasa ni kupambana na sura ya tatu ya tasnifu. Lakini kwa kuwa ndimi niliyeanzisha kikundi chetu kidogo cha wasichana wanaotembea na kukimbia jioni, swali hilo huletwa kwangu. Nami kila nilisikiapo hukumbuka kwamba nimewahi kulijibu vibaya mara mbili, na mara zote mbili gharama ililipwa na mwili wangu mwenyewe.

Nilifika chuoni mwaka wa 2017 nikitokea Kilifi. Mtu aliyezaliwa kando ya bahari, akapandishwa ghafla hadi nyanda za juu za Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hana budi kutweta. Wiki ya kwanza nilipumzika mara mbili kabla ya kufika chumbani kwangu orofa ya tatu. Wenzangu walicheka, wakanituliza: "Ni mwinuko tu huo, utauzoea." Nao walisema kweli. Katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kuunda chembe nyekundu zaidi za damu ili ziweze kubeba oksijeni ile haba. Jambo ambalo hakuna aliyenieleza, na ambalo nami sikujua kuuliza, ni kwamba chembe hizo huundwa kwa madini ya chuma. Mwenye akiba ndogo ya madini hayo hupanda mlima akiwa na deni.

Nilijiunga na wasichana waliokuwa wakifanya mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri. Hebu fikiri, msomaji mpenzi: mgeni katika nchi ya wanariadha, nchi ambayo mtoto wa jirani huenda akawa bingwa wa dunia, angethubutu vipi kusema amechoka? Nilikuwa nimejijengea imani kwamba mabingwa hawa ni watu wasiousikiliza mwili. Nilidhani siri yao ni kukataa kuchoka.

Imani hiyo ilipata rutuba katika malezi yetu ya shule. Sisi tuliosoma Kiswahili tumeandika insha za methali tangu darasa la nne. Ajizi ni nyumba ya njaa. Mchumia juani hulia kivulini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nimejaribu baadaye kutafuta katika hazina hiyo methali inayomsifu anayepumzika, nikaambulia chache mno. Hata "mwenda pole hajikwai" humsifu mwenda, haimsifu aliyeketi. Simaanishi kwamba wahenga walikosea. Wao waliwaambia watu waliolima kutwa, ambao usiku ulipoingia walilala bila kuhitaji kushauriwa. Mimi niliyachukua maneno yao nikayatumia kuuchapa mwili uliokuwa ukiniomba msaada.

Maana mwili uliomba, tena kwa lugha nyingi. Kufikia mwaka wa pili moyo wangu ulipiga mbio hata nikiwa nimeketi katika ukumbi wa mihadhara. Nywele zilibaki kwenye kitana. Kucha zilikatika ovyo. Isitoshe, nilianza kutamani yale mawe laini ya udongo yauzwayo sokoni, ambayo wanawake wengi wa Kenya huyaita odowa. Nilikuwa nikiyatafuna wakati wa kusoma kama mwingine atafunavyo njugu. Sikujua kwamba hamu ya kula udongo ni mojawapo ya ishara zinazohusishwa na upungufu wa madini ya chuma. Niliona ni tabia tu ya kike, nikaificha.

Nilikwenda kutafuta matibabu mara mbili. Mara zote mbili niliyemkuta aliniuliza ninasoma nini, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia ni msongo wa masomo. Hakunichoma hata sindano ya kutoa damu ya kupima. Ushauri wake, nausema bila kumtaja yeye wala mahali alipofanyia kazi, ulikuwa niongeze mazoezi. Nikaongeza.

Asubuhi moja ya Jumamosi mwaka wa 2018 tulikuwa tukipanda kilima kilicho nyuma ya mabweni. Nakumbuka miguu ikiwa mizito kana kwamba nakimbia ndani ya maji. Nakumbuka nikijiambia, "Kaza moyo, bado mita mia." Sikumbuki mita hizo. Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu kwenye nyasi zenye umande, mwenzangu wa chumbani akinipepea kwa fulana yake na kulia.

Siku hiyo damu ilipimwa, mahali pengine. Himoglobini yangu ilikuwa gramu 7.4 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, na kwa wakazi wa nyanda za juu kiwango hicho huongezwa kidogo. Tabibu aliyenihudumia, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinieleza kwa mfano ambao sijausahau. Himoglobini, alisema, ndiyo matatu yanayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Wewe una takriban nusu ya matatu unayohitaji. Moyo wako, ambaye ndiye dereva, analazimika kwenda safari maradufu. Halafu kila alfajiri unawaongezea abiria.

Aliniuliza juu ya hedhi yangu, swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza, nikamwambia kwamba siku zote imekuwa nzito na ndefu. Aliniuliza ninakula nini. Maharagwe, ndengu, sukuma wiki. Vyema. Na chai? Chai ni pamoja na chakula, mama, kila mlo. Hapo akatabasamu. Chai inywewayo pamoja na chakula hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika nafaka, kunde na mboga. Kwa hivyo nilikuwa nikila chuma na kukifukuza kwa kikombe hicho hicho. Nilipewa tembe, nikaambiwa nizimeze kwa maji ya machungwa, chai niisogeze mbali na mlo kwa saa moja au mbili, na nisiache dawa nitakapojihisi vizuri bali niendelee kwa miezi mitatu baada ya damu kurejea kiwango chake. Nami nilitii. Hamu ya odowa iliisha kabla hata ya nguvu kurudi.

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili lilizaliwa nalo, maana mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliogopa. Kila moyo ulipopiga kwa nguvu nilikiona kile kilima. Raba nilizitia ndani ya sanduku, na kwa zaidi ya mwaka mzima sikutembea hatua iliyozidi haja. Wakiniita mazoezini nilikuwa na jibu lisilopingika: "Nimechoka." Nani angebishana na mtu aliyewahi kuzirai?

Ajabu ni kwamba nilikuwa nimechoka kweli. Mwanzoni mwa mwaka wa 2020 himoglobini yangu ilikuwa 12.9, tembe nilikuwa nimeshazimaliza, ilhali bado nilihema nilipopanda ngazi. Niliamka nimechoka, nikalala nimechoka. Nilirudi kupimwa nikidhani maradhi yamerejea. Hayakuwa yamerejea. Vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, niliubeba uchovu wangu hadi Kilifi, nyumbani kwa bibi yangu.

Bibi alikuwa na miaka 70 na ushei, na kila alfajiri alikwenda shambani kwake, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Siku ya nne au ya tano alinikuta nimejilaza mkekani saa tatu asubuhi.

"Mjukuu wangu, una nini?"

"Nimechoka, bibi."

"Umechoka wapi?"

"Nimechoka tu."

Aliketi kwenye kigoda, akavua ukaya. "Hakuna kuchoka tu. Mimi nikilima, huchoka mgongo. Nikiwa na homa, huchoka mifupa. Babu yako alipofariki nilichoka moyo mwaka mzima, na jembe halikuwa na hatia. Wewe umechoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Aliniangalia kidogo, akaongeza neno ambalo mpaka leo naliona kuwa uchunguzi wa kitabibu: "Aliyechoka mwili hulala. Wewe usiku nakusikia ukigeuka."

Kesho yake aliniamsha tuandamane shambani. Sikulima, nilimbebea kidumu cha maji tu. Kurudi niliketi njiani mara mbili, naye akaningoja bila kusema lolote. Baada ya wiki mbili sikuketi tena. Baada ya mwezi nilikuwa nalala usiku kucha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha yeye.

Tulio wanafunzi wa lugha hatuna udhuru wa kuitumia lugha kwa uzembe. Neno "kuchoka" tumelifanya gunia. Kila kitu tunakitumbukiza humo. Lakini Kiswahili kina mavune, yale maumivu ya viungo baada ya kazi nzito au safari ndefu. Kina unyong'onyevu, ule ulegevu wa mgonjwa au mwenye huzuni. Kina usingizi, ambao ni deni lenye tarehe ya kulipwa. Kina kulemewa, na kina ajizi. Bibi hakuwahi kusoma sarufi, lakini aliuliza swali ambalo sarufi ingeuliza: kitenzi hiki, mahali pake ni wapi? Na ukilichunguza neno "mazoezi" utaliona limetokana na kuzoea, kama "kupumzika" kulivyotokana na pumzi. Mazoezi ni kuuzoeza mwili, na kupumzika ni kuurudishia pumzi. Mwaka wa 2018 nilikosa pumzi nikajilazimisha kuzoea. Mwaka wa 2020 pumzi nilikuwa nayo, nikawa sina mazoea.

Niliporejea chuoni nilianza kusoma juu ya jambo hili kwa udadisi wa mtu aliyelipia karo yake mapema. Nilikuta kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha mwaka wa 2008 matokeo ya utafiti juu ya vijana 36 waliokuwa wakilalamikia uchovu wa kila siku na ambao hawakuwa na mazoea ya kufanya mazoezi. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi, jingine ya wastani, dakika 20 mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Jingine halikufanya kitu. Uchovu ulipungua kwa asilimia 65 miongoni mwa wale wa mazoezi mepesi, na kwa asilimia 49 miongoni mwa wale wa wastani. Vijana 36 ni wachache, sikatai. Lakini nilipousoma nilijiona mwenyewe na kidumu changu cha maji. Aliyefanya kidogo ndiye aliyepunguziwa uchovu zaidi.

Utafiti wa pili unatuhusu sisi wa tasnifu moja kwa moja. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, waliwachukua watu 16 wakawapa kazi ya kuchosha akili kwenye kompyuta kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli ya mazoezi waendeshe hadi washindwe. Siku nyingine watu hao hao walitazama filamu za kawaida kabla ya kupanda baiskeli. Baada ya filamu walistahimili kwa wastani wa sekunde 754. Baada ya kuchoshwa akili, sekunde 640. Moyo, mapafu na misuli havikuonyesha tofauti ya kuweza kueleza pengo hilo. Kilichobadilika ni hisia: kazi ile ile waliiona nzito zaidi tangu dakika ya kwanza. Kwa maneno mengine, anayefunga vitabu saa kumi na moja jioni akahisi miguu imekufa, miguu yake haijafa. Ana haki ya kutembea polepole badala ya kukimbia, kwa kuwa kukimbia kutamwonea. Lakini hana sababu ya kuhofia kutoka nje.

Na wale mabingwa niliowasingizia? Mwenzangu wa chumbani, yule aliyenipepea kilimani, ana binamu anayefanya mazoezi Iten. Tulimtembelea siku moja mwaka wa 2021. Nilitarajia kuona mateso. Niliona vijana wakianza mbio za alfajiri kwa mwendo ambao hata mimi ningeweza kuandamana nao kwa kilomita moja, wakizungumza na kucheka. Saa za mchana kambi nzima ilikuwa kimya, walikuwa wamelala. Nilimuuliza binamu yule iwapo hawaoni haya kulala mchana. Alinijibu, "Kulala ni sehemu ya kazi, dada." Siku za kazi ngumu ni ngumu kwelikweli, lakini huzungukwa na siku nyepesi ambazo ni nyepesi kwelikweli. Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, anajulikana kwa mwendo wa pole wa mbio zake za kawaida huko Kaptagat. Mimi nilikuwa nimeiga jasho lao nikaacha usingizi wao.

Basi sasa mgeni wangu wa jioni akiniuliza aje au asije, nami humuuliza alikochoka. Akisema alikesha usiku mbili akisoma, humrudisha chumbani alale. Deni la usingizi halilipwi kwa kukimbia. Akiwa na homa, au mwili mzima ukimuuma, au kikohozi kimeshuka kifuani, simruhusu hata kutembea nasi, kwa maana baadhi ya virusi huweza kuuvimbisha msuli wa moyo, na jitihada nyingi wakati huo ni hatari. Kwa sisi tutokao pwani, homa ni ya kupimiwa malaria kwanza, maswali mengine baadaye. Akiwa na mavune ya juzi, aje tutembee naye. Akiwa amechoshwa na vitabu, na aje mbio, ila asibebe saa ya kupimia kasi. Humwambia atembee dakika kumi kisha ajipime. Mara nyingi uchovu wa akili hulegea kabla ya dakika hizo kwisha. Usipolegea, au ukizidi, ageuke arudi, na hakuna atakayemcheka.

Na wapo ambao hata dakika kumi siwaambii. Miongoni mwa waliougua korona, na miongoni mwa wenye ule ugonjwa wa uchovu sugu ambao madaktari huuita ME, wako ambao jitihada ndogo ya leo huwalaza kitandani kesho na keshokutwa. Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba iliacha mwaka wa 2021 kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa ME. Mmoja wetu kikundini alikuwa na hali inayofanana na hiyo baada ya korona. Nusura nimwambie akaze moyo. Ulimi niliuma kwa wakati.

Uchovu usiokwisha kwa wiki kadhaa, ijapokuwa mtu analala na kula, siutolei ushauri. Humuuliza msichana juu ya hedhi yake na kama anakula odowa, naye hunitazama kwa mshangao, kana kwamba nimechungulia ndani ya mkoba wake. Kisha huandamana naye kwenda kupimwa, na sitoki pale mpaka damu itolewe. Kufikia sasa nimeandamana na watano. Wawili walikuwa na upungufu wa damu, mmoja wao akiwa na 8.1. Mmoja aligunduliwa ana tatizo la kikoromeo. Wawili hawakuonekana na ugonjwa wowote, na hao tunakimbia nao hadi leo, ingawa mmoja wao hulalamika kuanzia langoni mpaka tunaporudi.

Bibi yangu bado yu hai, ila shambani haendi tena, magoti yamekataa. Hupiga simu Jumapili. Hivi majuzi aliniuliza habari za masomo nikamjibu, bila kufikiri, kwamba nimechoka. Kukawa kimya upande wa pili.

"Kichwa, bibi," nikasema upesi. "Nimechoka kichwa."

"Haya. Katembee basi."

Jana niliandika tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kuinama. Nilivaa raba nikaelekea njia ya kilimani pamoja na wasichana wanne. Dakika ya saba magoti yalianza kuuma, koo likawa kavu, na baridi ikanipitia mgongoni ilhali wenzangu walikuwa wakitoka jasho. Niliwaambia waendelee. Nilirudi taratibu peke yangu, nikajipima joto, nikapata 38.2. Saa mbili usiku nilikuwa nimelala, na leo naandika haya nikiwa kitandani, nikingojea majibu ya kipimo cha malaria.